Mbinu ya kulala: Nilichojifunza kwenye gemu la mpwa wangu

Jumatano iliyopita nilikwenda kumsalimia dada yangu. Saa nne usiku ilikuwa imeshapita, na mwanawe wa miaka 11 alikuwa bado kwenye kochi, gemu mkononi. Asubuhi yake alitakiwa kuamka saa 11:00 ili awahi basi la shule.

"Zima hicho kitu ukalale, la sivyo nakichukua!" dada alimwambia kwa ukali. Kisha akanigeukia na kuninong'oneza kuwa mwalimu ameandika kwenye daftari la mawasiliano: mtoto anasinzia darasani, ana hasira na alama zinashuka. "Sijui amekuwa mvivu au ana kiburi tu," alisema.

Nilikaa karibu na mpwa wangu, nikamuuliza anacheza nini.

"Pokémon, mama mdogo. Huyu anaitwa Snorlax. Amepigwa sana, sasa namlaza."

Kumbe katika gemu hilo kulala ni mbinu ya vita. Inaitwa Rest, na imekuwemo tangu matoleo ya kwanza kabisa yaliyotoka Japani mwaka 1996. Jina lake la Kijapani ni Nemuru, yaani kulala. Kiumbe akiitumia, nguvu zake zote zinarudi, na kama alikuwa ametiwa sumu au ameungua, anapona. Lakini kuna gharama: analala zamu mbili nzima, na katika muda huo adui anaendelea kumpiga. Katika matoleo ya mwaka 2022 mbinu hiyo imepunguzwa pia idadi ya matumizi ya kawaida, kutoka mara 10 hadi 5.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo kulala si kushindwa?"

Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. "Hapana, mama mdogo! Asipolala anakufa."

Nilitamani dada asikie jibu lile. Mimi bado sijawa mzazi, lakini kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya, nimegundua kwamba watoto wetu wengi wanalijua neno "kalale" kama adhabu. Amekosea, akalale. Wageni wamekuja, akalale. Halafu tunashangaa akiupigania usiku kama mtu anayenyang'anywa haki yake.

Ukweli ni kwamba usingizi ni kazi ambayo mwili unaifanya. Mtoto akiwa kwenye usingizi mzito ndipo homoni ya ukuaji inapotoka kwa wingi. Ubongo nao unapanga na kuhifadhi alichojifunza mchana. Mtoto aliyekosa usingizi si lazima apige miayo. Wengi wao huwa na vurugu, hulia ovyo, hukasirika haraka na hushindwa kutulia. Ndiyo maana mzazi anaona kiburi mahali ambapo pana uchovu.

Gemu linapotofautiana na mwili

Snorlax anapona kwa zamu mbili. Mtoto wako hawezi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kulala hadi mchana siku ya Jumamosi kunampa nafuu, lakini hakufuti upungufu wa wiki nzima.

Tofauti nyingine: katika gemu, Rest haifanyi kazi kama kiumbe ana nguvu kamili. Ni lazima aumie kwanza. Mwili hauko hivyo. Usisubiri mtoto aanze kusinzia darasani ndipo umwahishe kitandani.

Yapo pia mambo yanayofanana. Mpwa wangu aliniambia kuna viumbe wenye sifa ya kutolala, kama Hoothoot wa jamii ya bundi, na hao mbinu ya Rest inawagomea. Mwanga wa skrini usiku, pamoja na msisimko wa mchezo, unamfanya mtoto awe hivyo hivyo: unachelewesha homoni inayoleta usingizi. Kwa hiyo ukizima gemu saa nne, usitegemee awe amelala saa nne na dakika tano.

Na katika gemu, aliyelala anaweza kumshambulia adui kwa kukoroma. Nyumbani, mtoto anayekoroma karibu kila usiku, au anayeonekana kukata pumzi akiwa usingizini, apelekwe kwa daktari. Huenda ana nyama za puani au mafindofindo yaliyovimba, na anaweza kulala saa nyingi bila kupumzika.

Hesabu ya kurudi nyuma

Anza na saa ya kuamka, kisha rudi nyuma. Mtoto wa dada anaamka saa 11:00 alfajiri. Ukitoa saa 9, anatakiwa awe amelala saa 2:00 usiku. Yeye alikuwa analala saa 4:30, sawa na saa sita na nusu tu. Anapungukiwa saa mbili na nusu kila siku ya shule.

Tulikaa mezani, sisi watatu, tukapanga. Chakula cha jioni kiwe saa 12:30. Gemu lizimwe saa moja kamili na kuwekwa chumbani kwa mama. Simu ya mama nayo iwekwe pembeni muda huo huo, kwa sababu mtoto aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Juzi dada alinipigia simu. Alisema siku mbili za kwanza zilikuwa za machozi, na siku ya tatu chakula kilichelewa kwa sababu ya foleni. Bado hawajafika saa mbili, wako kwenye saa mbili na nusu. Lakini ameacha kusema "kalale" kwa ukali. Siku hizi anamuuliza mwanawe, "Nguvu zimebaki ngapi?"

Na mtoto, akiwa amechoka kweli, anajibu mwenyewe: "Chache, mama. Naomba nilale."