Taa ya Kijani Haitoshi: Tuangalie Foleni Ndani ya Swichi

Ushawahi kusimama kwenye kaunta, umeweka PIN, halafu simu ikanyamaza? Mimi nishasimama hapo. Ilikuwa jioni ya mwisho wa mwezi, kwenye duka la dawa, na dawa ya mtoto ilikuwa tayari kwenye mfuko. Bei ilikuwa shilingi 1,450. Nikatuma. Kimya. Mhudumu akaangalia simu ya duka, akasema, "Boss, hapa bado haijaingia. Hebu jaribu tena." Watu nyuma yangu walishaanza kuguna. Nikatuma tena. Baada ya muda mfupi meseji mbili zikaingia zikifuatana, na dawa ya shilingi 1,450 ikawa imenigharimu shilingi 2,900.

Pesa ilirudi baada ya siku tatu, lakini hiyo ndiyo ilikuwa nauli yangu ya siku hizo tatu. Nilipopigia watoa huduma, jibu lilikuwa fupi: "Mifumo yetu yote ilikuwa sawa."

Leo nafanya kazi upande wa mifumo, na najua jibu hilo linaweza kuwa kweli kwenye skrini ya fundi na lisiwe kweli kwa mteja aliye kaunta. Maoni yangu ni haya: kampuni inayobeba pesa za watu isiridhike kuona mitambo yake iko hai. Ipime pia data inangoja muda gani njiani.

Pesa yako inapita wapi?

Ukituma pesa, ombi lako linapita kwenye mnara wa simu hadi kwa seva za kampuni. Seva inakagua PIN na salio. Lakini kwenye vituo vikubwa vya data, daftari lenye salio lako mara nyingi halikai ndani ya seva hiyo. Linakaa kwenye stoo ya data, yaani kabati zilizojaa diski, ambazo seva nyingi zinatumia kwa pamoja.

Kati ya seva na stoo kuna swichi. Kila muamala unapita hapo kwenda kuandikwa, na jibu linarudi kupitia hapo hapo. Mpaka stoo iseme "nimeandika", muamala wako haujaisha.

Swichi nyingi za kazi hii zinatumia teknolojia inayoitwa Fibre Channel. Kanuni yake ni rahisi: usitume mzigo kama anayepokea hana pa kuuweka. Kila mlango wa swichi unapewa idadi fulani ya nafasi, zinazoitwa krediti. Ukituma furushi moja la data, krediti moja inapungua. Mpokeaji akilipakua, krediti inarudi. Zikiisha, unangoja.

Sasa fikiria kichochoro cha Gikomba kinachotosha mkokoteni mmoja. Mwenye kibanda mmoja anapakua mzigo wake polepole, gunia moja, anapumzika, gunia la pili. Mikokoteni iliyo nyuma yake inasimama, hata ile inayoenda vibanda vingine kabisa. Ndani ya swichi ni vivyo hivyo. Seva moja iliyochoka kupokea data inaweza kuchelewesha seva nyingine ambazo hazina kosa lolote.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukisimama kwenye mdomo wa kichochoro hicho na kuhesabu mikokoteni inayotoka, utahesabu michache. Utasema leo biashara iko chini na njia ni nyeupe. Kumbe ndani watu wamekwama! Grafu inayoonyesha data kidogo inapita kwenye swichi inaweza kumaanisha kazi ni kidogo, au inaweza kumaanisha kazi imezuiliwa. Grafu hiyo peke yake haiwezi kukwambia ni lipi.

Wastani unaficha mengi

Kuna tabia nyingine ambayo naipinga: kupima kwa wastani wa dakika tano. Tuseme mlango wa swichi unatumika asilimia 20 muda mwingi, lakini kwa sekunde 10 unajaa asilimia 100. Piga hesabu ya sekunde 300 zote na utapata wastani wa asilimia 23 hivi. Kwenye ripoti hiyo ni nambari tamu. Lakini ni ndani ya sekunde hizo 10 ambapo mtu alikuwa kaunta akiambiwa ajaribu tena.

Kwa hivyo mimi nataka vitu vinne viangaliwe.

Kwanza, muda ambao mlango umekaa bila krediti. Swichi nzuri zinahesabu jambo hili zenyewe. Kinachohitajika ni mtu wa kuisoma hesabu hiyo na kuwekewa king'ora ikipanda.

Pili, muda wa stoo kujibu, kwa milisekunde, na si wastani tu. Tuangalie pia yale maombi machache yaliyochelewa kuliko yote, kwa sababu nyuma ya kila moja huenda kuna mteja.

Tatu, furushi zilizoharibika njiani. Uchafu kidogo kwenye ncha ya waya wa nuru unatosha kuleta shida hii. Furushi likipotea, seva inaweza kukaa ikingoja jibu ambalo haliji. Kwenye Linux, muda wa kawaida wa kungoja diski kabla ya kuchukua hatua ni sekunde 30. Nusu dakika kwa mtu aliye kwenye foleni ni ndefu ajabu.

Nne, njia ya akiba. Mitandao hii hujengwa kwa njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ibebe. Lakini kama kila njia tayari imejaa asilimia 60, moja ikizimika nyingine itadaiwa kubeba asilimia 120. Haiwezekani. Akiba ya aina hiyo ni jina tu, na huja kujulikana siku ambayo wengi wanalipwa mishahara.

"Si mnunue tu swichi kubwa?"

Nasikia swali hili mara nyingi, na si swali baya. Kuna wakati njia kweli ni ndogo na inafaa kupanuliwa. Lakini ukipanua kichochoro na yule wa kibanda bado anapakua gunia mojamoja, umetumia pesa na foleni ingali pale. Pima kwanza, ndipo ununue. La sivyo gharama hiyo inamfikia mteja na shida yake haijaisha.

Wengine wanasema wateja hawana haja na habari za swichi. Nakubali kwamba hakuna anayetaka kufundishwa Fibre Channel akilipa mboga. Lakini mteja ana haki ya kuambiwa ukweli: "Miamala inachelewa kwa sasa. Usitume tena kabla ya kuangalia salio." Kampuni inayopima foleni yake inaweza kutuma ujumbe huo mapema. Isiyopima itajua kupitia simu za wateja wenye hasira.

Wewe ufanye nini?

Si kila ucheleweshaji unatoka kwenye swichi. Inaweza kuwa mnara wa simu, benki iliyo upande wa pili, au SMS iliyochelewa wakati pesa ilishafika. Popote tatizo lilipo, fanya hivi:

- Kukosa meseji si dhibitisho kwamba muamala umekataa. Angalia salio au taarifa ya miamala kabla ya kutuma mara ya pili.
- Mwombe muuzaji aangalie miamala ya till yake, asingoje SMS tu.
- Ukilipa mara mbili, weka misimbo yote miwili ya muamala na uripoti siku hiyo hiyo kwa nambari rasmi ya huduma kwa wateja.
- Mtandao ukisumbua, matapeli pia huamka. Anayekupigia akisema anakusaidia "kufungua" pesa iliyokwama na anataka PIN yako, kata simu.

Na wewe unayeuza dukani, mteja akisema ametuma na huoni kitu, mpe dakika moja kabla ya kumwambia ajaribu tena. Dakika hiyo inaweza kumwokolea nauli ya siku tatu.

Sisi tunaokaa na mitambo tunadaiwa zaidi. Taa ya kijani kwenye swichi inasema tu kwamba umeme upo na waya umeshika. Haisemi chochote kuhusu mzazi aliye kaunta na mfuko wa dawa. Kazi ya kumjua huyo ni yetu, na tuifanye kabla hajatupigia simu.