Mipaka iliyobaki angani

Siku chache zilizopita nilikuwa darasani hapa Lwakhakha, nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndege ikapita juu yetu ikielekea magharibi. Kama ilivyo ada, nyuso zote ziligeukia madirishani. Kijana mmoja akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, ndege ile ikiuvuka mto wetu, huwa imeomba ruhusa?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Swali lile lilikuwa zito kuliko lilivyosikika, na jibu lake lagusa mfuko wa kila mzazi aliyemleta mtoto katika shule ile.

Asiyepajua Lwakhakha na afahamu kwamba mto wenye jina hilo ndio mpaka wetu na Uganda. Ng'ambo hii ni Bungoma, ng'ambo ile ni nchi ya ndugu zetu Bamasaba, ambao Babukusu husikilizana nao kwa lugha na hushirikiana nao katika mila za tohara. Siku ya soko, watu na vitunguu huvuka daraja kwenda na kurudi. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuzuru nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa pekee. Kwa miguu, basi, mpaka umelegea. Angani haujalegea.

Nilimjibu kijana yule kwamba, ndiyo, ruhusa huombwa. Mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944 ulilipa kila taifa mamlaka kamili juu ya anga lake. Kwa hiyo shirika la ndege haliwezi kuanzisha safari za kawaida za kubeba abiria hadi nchi nyingine pasipo idhini. Serikali mbili huketi, zikakubaliana ni shirika lipi litatua wapi, mara ngapi kwa juma, na kama laweza kuchukua abiria pale na kuwapeleka nchi ya tatu. Mwenye matatu ya Chwele hajui usumbufu wa namna hiyo.

Hata hivyo, hali haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1946 lilianza kazi Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege ndogo sita. Miaka ishirini baadaye lilikuwa na ndege kubwa za VC10 zilizoruka hadi London. Kisha nchi wanachama zikaanza kulaumiana juu ya madeni, nani analipa na nani halipi, na mapema mwaka 1977 shirika likafa. Kenya Airways ilizaliwa Januari 22 mwaka huohuo, na kabla ya mwaka kwisha Jumuiya yenyewe ilikuwa imevunjika. Uganda na Tanzania nazo zikashika kila moja shirika lake. Lile la Uganda lilifungwa mwaka 2001, likafufuliwa 2019. Jumuiya ilirejea kwa mkataba wa Novemba 1999. Mashirika hayakurejea pamoja.

Ni nani aliyelipa gharama ya utengano huo? Tuitazame Kenya Airways, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu nasi. Ilibinafsishwa mwaka 1996, KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26, na kwa miaka kadhaa ikasifiwa kuwa mfano mwema barani. Baadaye ikanunua ndege nyingi kwa mikopo, na katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2016 ikatangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 26. Mwaka 2017 serikali ilitoa dhamana kwa mikopo yake ya dola milioni 750, na hisa za umma zikafika asilimia 48.9. Mwaka 2022 hasara ilizidi bilioni 38. Mwaka 2024 ilipatikana faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, lakini nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta tena hasara ya bilioni 12, ndege kadhaa kubwa zikiwa zimeegeshwa.

Dhamana ya serikali ni dhamana ya mlipa kodi. Mama auzaye ndizi darajani, ambaye hajapata kuigusa ngazi ya ndege, hulipa kodi kila anunuapo sabuni. Mwalimu hukatwa kabla hajauona mshahara. Wasafiri wa mara kwa mara hupewa alama kwa kila safari, wakazikusanya hadi wakapata tiketi ya bure. Sisi tusiosafiri tumechangia ndege hizohizo, na hatuna alama hata moja. Singelalamika sana endapo siku tunapohitaji kusafiri tungetendewa kama wenye mali. Hatutendewi hivyo.

Nina mfano ninaoujua vyema. Mwanafunzi wangu wa zamani, kijana mwerevu wa hapa mpakani, aliitwa Kigali kwa usaili wa ufadhili wa masomo. Taarifa ilimfikia siku nne kabla. Wakala wa tiketi alimtajia nauli iliyozidi karo ya muhula mzima ya mdogo wake. Familia ikaamua apande basi: Mbale, Kampala, Mbarara, hadi mpaka wa Rwanda. Basi likaharibika njiani. Alifika Kigali siku moja baada ya usaili, akaambiwa kwa upole kwamba orodha imefungwa. Leo anafanya vibarua Kitale. Simlaumu mwenye basi, wala simlaumu wakala. Naulaumu mpango unaoifanya safari ya kwenda nchi mwanachama wa Jumuiya yetu ihesabiwe kuwa safari ya ng'ambo.

Sehemu ya nauli hiyo haiendi kwa rubani wala haiendi kwenye mafuta. Ni ada na kodi za viwanja. Abiria anayetoka Kisumu kwenda Nairobi hutozwa ada ya ndani, kwa shilingi, nayo ni ndogo. Anayetoka Nairobi kwenda Entebbe, safari ya takriban saa moja tu, hutozwa ada ya safari ya nje, kwa dola, mara nyingi zaidi ya ile. Ada hiyo haitofautishi Entebbe na London. Isitoshe, mtu wa Lwakhakha anayekwenda kazini Ghuba yuko karibu zaidi na Entebbe kuliko Nairobi, lakini mipango yote ya usafiri hutungwa kana kwamba mto wetu ni bahari.

Viongozi wetu wanapokosana, anga ndilo hufungwa kwanza. Agosti 2020 Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways kwa sababu ya mzozo wa masharti ya korona. Januari 2024 ilitangaza tena kuzizuia ndege za abiria za shirika hilo kati ya Nairobi na Dar es Salaam, baada ya Kenya kuinyima Air Tanzania ruhusa ya kuchukua mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Mzozo ulitatuliwa upesi, kabla zuio halijaanza kutekelezwa. Lakini tarehe iliyokuwa imewekwa ilikuwa Januari 22, siku ileile iliyozaliwa Kenya Airways katika mtengano wa 1977. Miaka 47 ilikuwa imepita, na somo bado halijaingia.

Watakuwapo watakaosema kwamba taifa lisilo na ndege zake halina heshima, na kwamba tukilifungua anga, mashirika yetu dhaifu yatamezwa na wenye nguvu. Hoja hiyo haipuuziki. Ndege za taifa zimeleta dawa na kurudisha raia wakati wa dhiki, na kazi za maelfu zategemea mashirika hayo. Lakini ukuta wa anga umekuwapo tangu 1977, na haujayakinga na hasara. Soko dogo lililokatwa vipande huzaa ndege zisizojaa, na ndege isiyojaa huzaa nauli kali, na nauli kali humfukuza abiria aliyebaki.

Dawa yenyewe haihitaji kubuniwa. Mataifa ya Afrika yaliafikiana huko Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, mwaka 1999 kwamba yafunguliane anga. Januari 2018 nchi 23 zilizindua soko moja la usafiri wa ndege barani. Kenya na Rwanda zilikuwamo. Uganda na Tanzania hazikuwamo katika orodha ile ya mwanzo. Hatua ya kwanza, basi, ni nchi za Jumuiya kukubaliana kwamba safari kati yao ni safari za ndani: ada za ndani, na ruhusa isiyotegemea hasira za waziri. Hiyo ni kazi ya Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha, ambalo wajumbe wake nao twawalipa.

Nawasihi walimu wenzangu tusiufundishe mwaka 1977 kama tarehe ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Tuwaonyeshe wanafunzi kwamba deni lake bado linalipwa, na kwamba wao watalirithi. Nanyi wanafunzi, yaulizeni maswali kama lile la kijana wa kidato cha tatu, hata darasa likicheka. Mwenzenu aliyekosa usaili Kigali alikuwa ameketi katika darasa hilohilo, karibu na dirisha.