Mkoba wa Safari ya Baridi
Jamaa wa Nyakunguru waendao Serengeti kwa siku moja, kutazama nyumbu wakivuka mto Mara baina ya Julai na Oktoba, hutoka alfajiri, na baridi ya saa hiyo si ya mzaha. Twaona wazazi hufungasha wali wa kulisha kijiji, wakasahau sweta ya mtoto! Basi sweta na blanketi ziwe juu mkobani, si chini ya sufuria. Acheni na nafasi, maana adhuhuri jua huwaka, nazo zitavuliwa. Maji ya udhu na msala viwe karibu: hifadhini mtu hashuki garini apendapo, ila mahali paliporuhusiwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea isichukuliwe, imekatazwa nchini tangu Juni 2019. Kikapu cha ukili chatosha.