TAHARIRI: Tawakali Haimzuii Mgonjwa wa Mapafu Kushika Dawa Yake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika safu zetu za swala wamo wasioweza kuinuka kutoka sijda bila ya kuhema. Baadhi yao wana pumu tangu utotoni. Wengine njia zao za hewa zimeziba polepole kwa sigara, kwa moshi wa kuni na mkaa, au kwa makovu ya kifua kikuu waliokwisha kupona. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu sugu wa kuziba kwa mapafu uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021. Katika wanaokufa nao kabla ya kutimiza miaka 70, karibu tisa katika kila kumi ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zikiwemo zetu.

Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache. Siku zilizobaki mgonjwa hubaki na kifua chake. Hapo ndipo penye kasoro. Mwenye maradhi mepesi huacha dawa apatapo nafuu, akangoja mpaka ashindwe kupanda ngazi ndipo aanze kujihifadhi. Lakini pafu lililokwisha kuharibika kwa ugonjwa huu halirudi lilivyokuwa. Wakati wa kujitunza ni pale maradhi yangali mepesi.

Wapo wasemao kuwa kutegemea pampu ni upungufu wa tawakali. Hoja hiyo haina mashiko. Mtume (s.a.w.) alijitibu na akawahimiza masahaba watafute dawa, na hakuna aliyemzidi kwa tawakali. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Na katika Ramadhani, wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana. Masheikh Ibn Baz na Ibn Uthaymin waliona kuwa pampu haibatilishi saumu. Wengine wanaona inabatilisha, na siku hiyo italipwa. Hitilafu hiyo ni juu ya saumu, si juu ya uhai. Hakuna upande unaomwamrisha aliyebanwa na kifua aiache pampu mfukoni hadi magharibi. Aidha, dawa nyingi za kuzuia maradhi hutumiwa mara moja au mbili kwa siku. Mgonjwa amuulize daktari kabla ya mwezi kuandama kama anaweza kuzivuta wakati wa daku na futari.

Kushika dawa ni pamoja na kujua kuitumia. Pampu ya kupuliza hutikiswa kwanza. Mgonjwa hutoa pumzi, huvuta taratibu huku akibonyeza, kisha huzuia pumzi kwa hesabu ya kumi. Baada ya pampu yenye dawa ya kuzuia uvimbe, asukutue kinywa. Ambaye mwanawe hawezi kuipatiliza pumzi asikate tamaa: mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni na pampu ikachomekwa humo, huwafaa watoto wenye pumu kama kifaa cha dukani. Na asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo yake ikabadilika rangi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wajibu huu si wa mgonjwa pekee. Kamati za misikiti ziondoe vumbi katika mazulia, na zipunguze udi na ubani Ijumaa, kwani harufu inayotuburudisha sisi huweza kumfunga kifua jirani yetu. Mvuta sigara aiache, maana hakuna dawa ipunguzayo kasi ya ugonjwa huu kama kuiacha. Na mume anayemhurumia mkewe amtafutie jiko lisilo na moshi, au walau ampanulie dirisha la jikoni.

Anayeswali ameketi kwa udhuru asitazamwe kwa jicho la dharau. Tumuulize hali, tumkumbushe dawa yake, tumchangie pindi inapomshinda bei.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuitunza neema ya pumzi kabla haijatuondokea. Amin.