Dawa za Uhai ni Haki, Wala Si Fadhila

Kabla ya mwaka 1996 kuambukizwa virusi vya UKIMWI kulihesabiwa kuwa hukumu ya kifo. Mwaka huo ilithibitika kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huzuia virusi visizaliane. Lakini bei yake ilipita dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na maskini wa Afrika wakaendelea kuzikwa ilhali dawa ipo. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilikubali kuziuza kwa dola 350. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kuzitoa bila malipo.

Matunda yake tunayaona parokiani. Mtu anayeanza dawa mapema na kuzimeza kila siku anaweza kutarajia umri unaokaribia ule wa jirani yake asiye na virusi. Virusi vikipungua hata visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Walioanza dawa wakiwa vijana sasa wanalea wajukuu, na maradhi yanayowanyemelea ni shinikizo la damu, kisukari na moyo. Haya nayo hayana budi kupimwa siku ile ile wanapofuata dawa zao.

Hata hivyo, dawa hizi haziponyi. Virusi hujificha ndani ya chembe hai, na dawa zikiachwa huibuka upya. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliokatisha dawa walikabiliwa na hatari ya kuugua vibaya au kufa zaidi ya mara mbili ya walioendelea nazo. Tukumbuke pia mwaka 2011, umati ulipomiminika Loliondo kunywa kikombe, na baadhi ya wagonjwa wakaacha dawa zao. Sala haimkatazi mgonjwa kumeza dawa. Anayemwambia aache kwa jina la imani anahatarisha maisha ya mwenzake.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki nyingi za Afrika zikatikisika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ahadi hiyo ni deni, na wananchi wana haki ya kulidai.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo mambo matatu. Kwanza, wamsindikize kliniki au kumchangia nauli asiye na uwezo. Pili, watunze siri za wagonjwa, maana sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kuzifichua na kuwabagua. Tatu, wawaulize madiwani na wabunge, katika kila mkutano wa hadhara, fedha za dawa zimetengwa kiasi gani. Kunyamaza kwetu kusije kukamnyima mtu kidonge chake cha kesho.