Kamera ya mkopo haitaokoa picha ya familia

Kabla hujakopa pesa ununue kamera ya bei ghali, jiulize: hiyo uliyo nayo umeijua vizuri? Wengi wetu tunakimbilia mashine mpya ilhali ya zamani bado inatushinda. Kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50 inatosha kuanza kazi. Hela zikibaki, nunua betri na kadi ya ziada. Kadi ikiharibika katikati ya harusi, hakuna atakayekuelewa.

Picha ya kundi ndiyo mtihani wenyewe. Ukifungua lenzi hadi f/1.8, mstari wa mbele utatoka safi lakini guka aliyesimama nyuma atakuwa ukungu. Weka f/8, panga watu mistari miwili au mitatu iliyokaribiana, uwatoe kwenye jua la saa sita uwapeleke kivulini. Kisha piga tano sita mfululizo, maana lazima mmoja atafumba macho.

Tukija kwa kuhariri, rekebisha mwanga, nyoosha picha, basi. Hii tabia ya kung'arisha ngozi hadi mtu mweusi anaonekana amepakwa unga tuiache. Mteja akiitisha weupe, mwambie ukweli kwa adabu. Picha hiyo itatazamwa miaka 30 ijayo, baadhi ya waliomo wakiwa wameshazikwa. Wajukuu wana haki ya kujua sura zao zilivyokuwa. Hilo halinunuliwi kwa mkopo.