Ati Machozi Yako Hayahesabiki, Leta ya Mume

Kuna uongo mmoja TikTok ya Kenya imetuuzia na tukaumeza bila kutafuna: ukioana na Mmarekani, umeomoka. Pete kidoleni, miezi kadhaa, uko JKIA na masanduku mawili unapiga selfi. Na mambo yakikwama, dada wa watu akae hapa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mtaa unajijibu wenyewe: mzungu alimtema. Wasee, nimechoka na hiyo hadithi. Wengi wa hao hawajatemwa na mtu. Wamekwama kwenye mtihani ambao hata shetani angeona aibu kuutunga.

Nipeeni dakika tano.

Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu, amekubali nitumie kisa chake bila jina. Aliingia Marekani na viza halali ya kutembea. Tarehe ikapita, akabaki, zaidi ya mwaka. Akapendana na raia, wakaoana, ndoa ya kweli kabisa, wakapata mtoto. Walikuwa bado wanachanga pesa za wakili ndio wapeleke fomu, simu ikalia usiku: mamake amefariki. Akapanda ndege akaja kuzika.

Hiyo ndege ndiyo iliyomfungia mlango miaka 10.

Sheria yenyewe ilitiwa sahihi na Bill Clinton mwaka 1996, ikaanza kuuma Aprili 1997. Ukikaa bila kibali zaidi ya siku 180 lakini mwaka haujaisha, halafu utoke, hurudi kwa miaka 3. Ukipitisha mwaka, ni miaka 10. Soma hilo neno tena: utoke. Adhabu inakungoja pale mlangoni pa kutokea. Mtu aliyeingia na viza kisha akaoana na raia, kwa kawaida anaweza kuomba makaratasi akiwa hukohuko ndani, na zile siku alizozidisha hazimzuii. Kwa hivyo dada yetu angebaki sebuleni kwake akazika mamake kwa Zoom, leo pengine angekuwa na kadi yake. Alikuja kumwaga udongo kwa mkono wake, akafungiwa. Na sisi huku, mtu asipokuja matanga, tunasema dola zimemwingia kichwani, amesahau kwao. Manze, tuache.

Sasa, kuna msamaha. Fomu inaitwa I-601. Unaomba wakuondolee ile miaka 10, lakini kwa sharti: uthibitishe kwamba ukikataliwa, mume au mke wako, au mzazi wako, ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani, atapata dhiki iliyopita kiasi. Yeye. Wewe mwenyewe ulie hadi macho yavimbe, hiyo haimo kwenye hesabu. Mtoto naye? Mtoto ni raia, ana miaka mitatu, anauliza mamake yuko wapi kila jioni. Kwa msamaha huu mtoto hahesabiki kama mtu anayeumia. Uchungu wake unaingia tu pale unapomzidishia babake uchungu. Yaani mtoto ni kielelezo kwenye faili ya mtu mwingine.

Halafu neno lenyewe, iliyopita kiasi. Kiasi ni kipi? Kutenganishwa, kipato kushuka, kuanza maisha upya nchi ngeni, kuacha kazi uliyosomea, hospitali duni kule uendako: hayo yote maafisa wanayaita matokeo ya kawaida. Yakiwa peke yake hayatoshi. Lazima ukusanye mengi hadi jumla yake ivuke mstari ambao hakuna aliyeuchora. Mume akiandika kwamba halali, nyumba imekuwa baridi, anakula mkate mkavu kwa sababu kupika kwa ajili ya mtu mmoja kunamliza, jibu ni pole, hiyo ni kawaida. Fikiria. Serikali inakutenganisha na mke wako, halafu inakwambia kuumia kwako ni kwa kawaida mno.

Kwa hivyo wakili anauliza swali ambalo hakuna ndoa inayopaswa kuulizwa: una ugonjwa gani?

Dada aliniambia siku mumewe alipopatikana na sukari alilia kwenye simu, halafu hapo hapo, kabla machozi hayajakauka, kichwa kikamwambia hii inaweza kusaidia kesi. Hajamwambia mumewe hadi leo kwamba aliwaza hivyo. Huo ndio mtihani ninaoupigia kelele. Unawafanya watu wawili wanaopendana wasubiri habari mbaya kwa matumaini.

Na hata uchungu una bei. Ada ya fomu peke yake ni dola 1,050 tangu Aprili 2024, hiyo ni zaidi ya laki moja na thelathini elfu zetu, na ukikataliwa hairudi. Ongeza wakili. Ongeza ripoti ya mwanasaikolojia, barua za daktari, taarifa za benki. Mume wa dada yetu anapakia mizigo ghalani zamu ya usiku. Bima yake ni ya jina tu. Asiye na bima nzuri haendi kwa daktari. Asiyeenda kwa daktari hana rekodi. Na asiye na rekodi, kwa macho ya afisa anayesoma faili, haumwi. Mwenye pesa anaweza kulia mbele ya mtaalamu na machozi yapigwe muhuri. Maskini analia ndani ya gari kabla ya zamu, na hilo halina risiti.

Kuna sehemu inaniuma mimi kama Mkenya. Najua mshaanza kuandika, si mume ahamie tu Kenya? Sawa, na hilo nalo linaulizwa, na mume anatakiwa aeleze kwa nini kuhamia kwetu kungemvunja. Sasa mnaketi chini, wewe Mkenya na mwenzi wako, mnatafuta kila ripoti mbaya kuhusu nchi yako. Ukosefu wa kazi, hospitali za kaunti zisizo na dawa, usalama. Unaipaka nchi iliyokuzaa masizi ili uruhusiwe kwenda kulala karibu na mumeo. Na kama mume ni Mkenya mwenzako aliyepata uraia kule, hata hiyo njia inakuwa nyembamba: anajua Kiswahili, ana shangazi Kisii, ana shamba la babu. Vile vitu tunavyoviita baraka, afisa anaweza kuviweka kwenye upande wa "atazoea tu".

Kuna wale wa sheria ni sheria. Sawa bana, alizidisha muda, hakuna anayekataa. Lakini kosa la kuzidisha siku kwenye karatasi linastahili miaka 10 ya mtoto bila mama? Na mbona aliyezidisha akabaki anaweza kusafishiwa, na aliyezidisha akatoka mwenyewe bila kufukuzwa ndiye anayepondwa? Kama lengo lilikuwa watu watoke, mmewafundisha wasitoke kamwe.

Tena hata ukithibitisha dhiki, afisa bado ana hiari ya kukataa. Na usidhani mwenzi raia anaweza kukimbia kortini akadai haki yake ya ndoa. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 6 kwa 3, kesi ya Sandra Muñoz, raia ambaye mumewe wa El Salvador alinyimwa viza. Kesi yake haikuwa ya miaka 10, lakini jibu linawagusa wote: raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya mwenzi wake mgeni kuruhusiwa kuingia nchini. Sasa niambieni. Kwenye fomu, uchungu wa raia ndio kila kitu. Mahakamani, raia huyo huyo hana haki ya kuutetea.

Kwa hivyo kama una ndugu majuu ambaye siku zake zimepita, na kuna msiba nyumbani, acheni kumpigia kelele kwenye grupu la WhatsApp la mazishi. Mwambieni aongee na wakili halali wa uhamiaji kabla ya kununua tiketi. Kama fomu zake za ukaazi zimeshapelekwa, kuna ruhusa ya kusafiri inayoombwa kabla ya kutoka, na inaweza kubadilisha kila kitu.

Na mabroka wa tao wanaouza barua za daktari na ripoti za msongo wa mawazo zilizopikwa, wafungieni namba. Uongo wa makusudi kwenye faili kama hiyo unaweza kukufungia Marekani maisha yako yote. Huo nao una msamaha wake, na kuupata lazima uthibitishe, nadhani mshakisia, dhiki iliyopita kiasi ya mume.